Piga kwa Kobalti, Tazama kwa Shaba

Kwenye depo za madini kuzunguka Lubumbashi na Kolwezi, nchini Kongo, bei ya gunia la mawe huamuliwa na bunduki. Ina mpini, ina kifyatuo, ina kioo kidogo kinachomwelekea mnunuzi, na watu huiita Metorex hata pale chapa iliyoandikwa ubavuni ni nyingine kabisa. Mnunuzi huigusisha kwenye jiwe, hubonyeza, husubiri, kisha hutaja tarakimu: kobalti kiasi hiki, shaba kiasi hiki. Mchimbaji aliyeshinda shimoni tangu alfajiri hana la kujibu mbele ya tarakimu.

Niliwahi kushika daftari katika depo ya namna hiyo, likizo moja nilipokuwa nasoma fizikia Lubumbashi. Kazi yangu ilikuwa kuandika kile bunduki inachosema. Niliona jiwe lililotoka kuoshwa likisomeka chini, na lile lile likikauka juani likisomeka juu, maana maji humeza sehemu ya mnururisho. Niliona pia kwamba ukigeuza jiwe upande wa pili tarakimu hubadilika, kwa kuwa bunduki haisomi moyo wa jiwe. Inasoma ngozi yake tu. Ugomvi mwingi wa depo ungekwisha kama kila mtu angeyajua mambo hayo mawili. Au pengine usingekwisha. Walikuwepo walioyajua vizuri sana, na ndiyo sababu walipenda kupima asubuhi, mawe yakiwa bado na umande.

Sasa ninafundisha Mitwaba, nilikozaliwa, kwenye milima ya Kibara, ambako jiwe letu ni kasiterite inayotoa bati, wala si kobalti. Wanafunzi wangu wa sekondari wanaijua Metorex kuliko wanavyomjua Newton. Kaka zao wamepita Likasi na Kolwezi. Kwa hiyo nikifika kwenye somo la eksirei siendi kwanza hospitali, naanzia depo. Kutoka hapo nawapeleka hadi California, Japani na Hamburg, kwenye mashine zilizojifunza, katika miaka kumi na ushee iliyopita, kazi ambayo Metorex haitaiweza kamwe: kukipiga kitu kimoja kwa eksirei za rangi mbili, ya pili ikiifuata ya kwanza upesi kiasi kwamba atomu hazijapata nafasi ya kusogea.

Bunduki kwanza. Ndani yake mna mrija mdogo unaotoa eksirei. Eksirei ikiigonga atomu ya kobalti huweza kung'oa elektroni ya ndani kabisa, ile inayokaa jirani na kiini. Nafasi hiyo ikibaki wazi, elektroni ya tabaka la juu huporomoka kuiziba, na nishati inayozidi hutoka kama eksirei mpya. Kwa kobalti, eksirei hiyo mpya ina kiloelektronivolti 6.93. Kwa shaba ni 8.05, kwa chuma ni 6.40. Hakuna metali inayoazima namba ya mwenzake. Bunduki huhesabu zilizorudi za kila namba, na kutokana na hesabu hiyo hukadiria asilimia.

Namba hizo ndizo wanafizikia huziita rangi. Jicho halizioni, lakini kinachoitofautisha eksirei ya 6.93 na ya 8.05 ni kile kile kinachotofautisha nyekundu na buluu: urefu wa wimbi. Kuna namba nyingine mbili ambazo nawalazimisha wanafunzi waziandike pembeni mwa daftari. Ili kuing'oa ile elektroni ya ndani ya kobalti unahitaji eksirei ya kiloelektronivolti 7.709 au zaidi. Kwa shaba unahitaji 8.979. Hivyo ni vizingiti. Chini ya kizingiti, eksirei haina nguvu ya kuing'oa elektroni hiyo, hata ukizimwaga kwa mabilioni.

Metorex huliuliza jiwe swali moja: una nini? Jiwe limetulia, jibu limetulia. Lakini kemia yote, kuanzia kutu kwenye bati la paa hadi betri inayochajiwa na protini inayokunjuka ndani ya damu, ni mwendo. Elektroni inahama kutoka atomu moja kwenda nyingine, kisha atomu zenyewe zinajongea kufuata mahali palipopata nafuu. Mwendo wa atomu hupimwa kwa femtosekunde, na sekunde moja ina femtosekunde milioni moja mara bilioni moja. Mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoupita kwa kasi, katika femtosekunde moja husafiri sehemu tatu za elfu kumi za milimita, yaani mikromita 0.3. Ukitaka kuona tendo la namna hiyo unahitaji mpigo mmoja wa kulianzisha na mpigo wa pili wa kulitazama, na lazima uweze kuamua mwenyewe nafasi iliyopo kati yake. Na ukitaka kulianzisha kwenye atomu ya aina moja na kulitazama kwenye atomu ya aina nyingine, basi mipigo hiyo miwili haiwezi kuwa ya rangi moja.

Mrija wa Metorex hauwezi hata nusu ya kazi hiyo. Mashine inayoiweza huitwa leza ya elektroni huru. John Madey wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa wazo lake mwaka 1971, na kabla muongo ule haujaisha alikuwa ameifanya iwake kwa mwanga usioonekana wa upande wa joto. Kuishusha hadi kwenye eksirei kulichukua miaka zaidi ya thelathini. Mwaka 1992 Claudio Pellegrini alipendekeza kwamba kiongeza kasi cha zamani cha Stanford, kilichokuwa kimejengwa kwa ajili ya utafiti wa chembe za ndani ya kiini, kitumike kwa kazi hii mpya. Aprili 2009 mashine hiyo, inayoitwa LCLS, ikatoa eksirei zake za kwanza zenye urefu wa wimbi wa nanomita 0.15, karibu sawa na nafasi iliyopo kati ya atomu na atomu. Japani ikafuata mwaka 2011 na mashine ya SACLA. Hamburg ikafungua yake mwaka 2017, yenye urefu wa kilomita 3.4, karibu yote ikiwa chini ya ardhi.

Hapa ndipo wanafunzi wangu huinua vichwa, kwa sababu nawaeleza mashine ya LCLS imetengenezwa kwa nini.

Inaanza na kibamba cha shaba. Leza ya mwanga wa urujuanimno hukipiga kibamba hicho na kung'oa elektroni, kiasi cha bilioni moja na nusu kwa mpigo mmoja. Kishada hicho cha elektroni huingia kwenye bomba la shaba lenye vyumba vilivyopangana, ambamo mawimbi ya redio huzisukuma elektroni kwa umbali wa kilomita moja hadi zikakaribia kabisa kasi ya mwanga. Shaba tena. Kisha huingia katikati ya safu ya sumaku zinazopishana, kaskazini juu, kusini juu, kaskazini juu, kwa urefu wa zaidi ya mita mia moja. Safu hiyo huitwa anduleta. Katika anduleta za kwanza za LCLS, sumaku za neodimi ziliwekwa kati ya ncha za aloi ambayo karibu nusu yake ni chuma na karibu nusu nyingine ni kobalti. Kobalti ndiyo inayoiruhusu ncha kubeba nguvu ya sumaku ambayo chuma peke yake kingeshindwa kuibeba.

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na karibu yote hutoka kwenye mkanda huu unaopita Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Alama ya mgodi haibaki kwenye aloi iliyoyeyushwa, kwa hiyo simwambii mwanafunzi kwamba babu yake aliichimba ncha ile. Namwambia kwamba bila metali za aina tunayoichimba, mashine ile haiwaki. Na ili wasivimbe vichwa sana, huongeza kuwa mashine ya Hamburg haitumii bomba la shaba bali vyumba vya niobi vilivyopozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Niobi imo ndani ya koltani yetu, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya niobi ya dunia hutoka Brazil.

Rudi kwenye anduleta. Elektroni ikipita kati ya sumaku zile hupindishwa kulia, kushoto, kulia, kushoto, na kila elektroni inayopindishwa hutoa mwanga. Rangi ya mwanga huo huamuliwa na kanuni moja, nami huiandika ubaoni bila kuomba radhi: chukua urefu wa jozi moja ya sumaku, ugawanye kwa mara mbili ya mraba wa gama, kisha uzidishe kwa moja jumlisha nusu ya mraba wa K. Gama ni mara ngapi nishati ya elektroni imezidi ile iliyo nayo ikiwa imetulia. K ni kipimo cha nguvu ya sumaku. Kwenye LCLS ya mwanzo jozi ilikuwa sentimita 3, K ilikuwa 3.5, na gama ilifika kiasi cha 26,600. Fanya hesabu na utapata zile nanomita 0.15. Sentimita tatu za sumaku zimesinyaa hadi ukubwa wa atomu, kwa sababu gama inaingia ikiwa mraba. Kila mwaka hupatikana mwanafunzi asiyeamini. Namwachia chaki.

Kanuni hiyo inakuambia jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Ukitaka kubadilisha rangi una milango miwili tu: ubadilishe nishati ya elektroni, au ubadilishe nguvu ya sumaku. Njia zote za kupata rangi mbili ambazo nitazitaja hupitia mmoja wa milango hiyo.

Lakini kwanza kwa nini iitwe leza. Elektroni zinapoingia kwenye anduleta zimekaa ovyo, na mwanga wa kila moja hauna habari na mwanga wa nyingine. Kadiri zinavyosonga mbele, mwanga uliokwisha kutoka huanza kuzichezea zenyewe: baadhi huharakishwa kidogo, baadhi hurudishwa nyuma kidogo. Baada ya makumi ya mita kishada kimejikata katika matabaka membamba, tabaka na tabaka likitengwa na urefu mmoja wa wimbi. Sasa mawimbi yote yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Elektroni zisizopatana, mwanga wao huongezeka kulingana na idadi yao. Zikipatana, huongezeka kulingana na mraba wa idadi hiyo. Mpigo mmoja hutoka na fotoni kiasi cha trilioni moja, ndani ya femtosekunde chache au makumi machache.

Mwaka 2013 ulikuwa mwaka wa rangi mbili. Alberto Lutman na wenzake pale LCLS, Toru Hara na wenzake pale SACLA, Enrico Allaria na wenzake kwenye mashine ya FERMI huko Trieste, Italia, ambayo hufanya kazi kwenye mwanga wa urujuanimno wa mbali: wote walitoa matokeo yao ndani ya miezi kumi na miwili. (Majina ya Kiitaliano yamejaa katika habari hii tangu Pellegrini, nami sijachoka kuwauliza wanafunzi kama Trieste ni mji mkubwa kuliko Lubumbashi. Si mkubwa, hata kidogo.)

Njia ya Stanford na ya Japani ilipitia mlango wa sumaku, na uzuri wake ni kwamba haikudai mashine mpya. Anduleta ile ndefu ilikwishatengenezwa vipande vipande. Wakavipa vipande vya mbele K moja, na vya nyuma K nyingine. Kati yake wakaweka mchepuko wa sumaku nne: elektroni zinatolewa pembeni ya njia na kurudishwa, wakati eksirei za rangi ya kwanza zinanyooka moja kwa moja. Elektroni zimezunguka, kwa hiyo zimechelewa kwa femtosekunde chache. Zikiingia nusu ya pili ya anduleta hutoa rangi ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Ongeza nguvu ya mchepuko, na nafasi kati ya rangi hizo mbili inaongezeka. Mchepuko pia huyavuruga yale matabaka membamba, ili rangi ya kwanza isiivutie ya pili kwenye njia yake. Pale SACLA, kwa kuwa sumaku zake zinaweza kusogezwa karibu au mbali na mkondo wa elektroni, waliweza kuzitenganisha rangi hizo kwa zaidi ya asilimia 30.

Tatizo lilikuwa moja, na watu wa Lubumbashi wataliona upesi kuliko wengine. Kila Mlushois anaijua terril, kilima cheusi cha takataka za tanuri kando ya bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines. Tangu shaba ya kwanza imiminwe pale mwaka 1911, tanuri lilichukua shaba na kutupa kilichobaki, na katika kilichobaki kulikuwa na kobalti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda kingine kikaja kuishi kwa kukila kilima hicho. Elektroni nazo hubaki na kitu baada ya matumizi ya kwanza, ila si zote wala si sana. Elektroni iliyokwisha kutoa mwanga mwingi imepoteza nishati, na mbaya zaidi, kila moja imepoteza kiasi chake. Kishada kizima kimetawanyika nishati, na kishada kilichotawanyika hakijipangi tena. Ukiiacha rangi ya kwanza ikue hadi mwisho wa nguvu zake, rangi ya pili hupata masazo yasiyofaa kitu. Kwa hiyo iliwabidi waikatize ya kwanza mapema, na zote mbili zikatoka dhaifu, sehemu ndogo tu ya nguvu ambayo mashine ingetoa kwa rangi moja.

Yaliyofuata yote, kwa maoni yangu, ni historia ya watu wanaotafuta elektroni ambazo bado hazijaguswa.

Mwaka 2015 Agostino Marinelli na kundi lake pale Stanford walipita mlango wa nishati. Badala ya mpigo mmoja wa leza kwenye kile kibamba cha shaba, walipiga miwili, ikipishana kwa pikosekunde chache. Vikatoka vishada viwili, pacha, vikapanda bomba la shaba pamoja. Kwa kuwa kimoja kilikuwa nyuma kidogo kwenye wimbi la redio, viliishia na nishati zinazotofautiana kidogo, yaani gama mbili, yaani rangi mbili, kwenye anduleta moja isiyobadilishwa chochote. Kila rangi ina elektroni zake, na hakuna inayokula masazo. Nguvu ikapanda mara nyingi kuliko mwanzo. Gharama yake ni kwamba rangi hizo hazitengani sana, na nafasi kati ya mipigo haishuki kwa urahisi hadi sifuri.

Mwaka uliofuata Lutman akarudi na njia ninayoipenda kuliko zote. Kishada cha elektroni kina kichwa na mkia, hata kama urefu wake ni wa mikromita chache. Walikipitisha karibu na bamba la metali lenye mifereji. Kichwa kikipita kinaacha msukosuko wa umeme kwenye mifereji ile, na msukosuko huo unausukuma mkia kando. Kishada kinapinda kama ndizi. Sasa unaweza kuinyoosha njia kwa ajili ya mkia peke yake katika anduleta ya kwanza: mkia unatoa rangi ya kwanza kwa nguvu zake zote, wakati kichwa kinayumbayumba pembeni bila kutoa kitu, bila kuchoka. Katika anduleta ya pili unageuza: kichwa kinanyooshwa na kutoa rangi ya pili kwa nguvu zake zote. Kishada ni kile kile kimoja, sehemu zake mbili zimetumika kila moja kwa zamu yake. Na kwa kuwa mkia uko nyuma, mwanga wake unaweza kurekebishwa uanze nyuma ya rangi ya pili au mbele yake, ukipita katikati, kwenye sifuri kabisa.

Wanafunzi huuliza: Madamu, na hayo yote yanasaidia nini? Swali halali. Natoa majibu matatu, na sichagui ya kupendeza.

La kwanza ni la almasi, na huwa naanza kwa kuwataja jirani zetu wa Mbuji-Mayi, wachimbaji wa almasi. Mpigo wa leza ya elektroni huru una nguvu ya kuiteketeza sampuli yoyote. Tumaini la watafiti, tangu mwaka 2000, lilikuwa kwamba mpigo ukiwa mfupi vya kutosha, picha itatoka kabla sampuli haijajua kwamba imekufa. Mwaka 2016 watafiti wa Kijapani pale SACLA walilipima tumaini hilo kwa eksirei mbili zilizofuatana: ya kwanza kuipiga almasi kwa ukali wa kupindukia, ya pili kuitazama. Hadi nafasi ya femtosekunde 20 hivi, atomu za almasi zilikuwa bado kwenye mistari yake. Baada ya hapo zikaanza kutoka nje ya mstari. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa na saa ya kifo cha fuwele.

La pili ni maji. Februari 2024 kundi lililoongozwa na Linda Young wa maabara ya Argonne lilichapisha majaribio yaliyofanyika LCLS kwa mipigo ya rangi mbili mifupi kuliko hata femtosekunde moja. Waliipiga karatasi nyembamba ya maji ya kumiminika na kutazama elektroni zake kabla haidrojeni haijapata muda wa kusogea. Kulikuwa na ubishi wa muda mrefu, kama baadhi ya alama za eksirei katika maji ni ushahidi kwamba maji yana miundo miwili tofauti. Atomu zikiwa zimesimama, alama ile ikatoweka: ilikuwa imeletwa na mwendo wa haidrojeni, si na muundo wa pili.

La tatu si la rangi mbili, lakini ni la kwetu, kwa hiyo halikosekani darasani. Malale huenezwa na mbung'o, na Kongo ndiyo nchi yenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Mwishoni mwa 2012 watafiti, wengi wao kutoka Ujerumani, walionesha kwa kutumia LCLS umbo la kimeng'enya kimoja cha kidudu kinacholeta malale, kikiwa pamoja na kipande cha asili kinachokizuia kufanya kazi. Fuwele zake zilikuwa ndogo mno kwa mashine nyingine, na zilikuzwa ndani ya seli za wadudu. Picha hiyo ilitegemea lile tumaini la kupiga kabla ya kuharibika, ambalo miaka minne baadaye almasi ililipima.

Na sisi? Afrika ndilo bara pekee lenye watu wake wa kudumu lisilo na hata chanzo kikubwa cha mwanga wa eksirei, acha leza. Novemba 2015 wanasayansi walikutana Grenoble, Ufaransa, kuzindua safari ya kukijenga kimoja. Kati ya walioongoza alikuwamo Sekazi Mtingwa, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Atlanta. Kazi yake kubwa, aliyoifanya na James Bjorken na kuichapisha mwaka 1983, inahusu chembe za kishada kimoja zinavyogongana zenyewe kwa zenyewe hadi kishada kikaharibika. Wajenzi wa viongeza kasi duniani kote hutumia hesabu yao. Mwenye kujali ubichi wa elektroni lazima apite kwa Mtingwa.

Nikiulizwa, ningesema tuanze na mashine ya mduara, kama ile ya SESAME iliyofunguliwa Jordan mwaka 2017, ambayo nchi zisizopatana kisiasa zinaitumia kwa pamoja. Leza ya elektroni huru ni mnyama mwenye njaa: inataka umeme usiotikisika usiku na mchana, na mimi naandika kutoka mahali ambapo simu huchajiwa kwa jua. Lubumbashi nako kuna delestaji, yaani mgawo wa umeme, ingawa waya wa umeme wa bwawa la Inga unakuja Katanga tangu miaka ya 1980. Lakini asiniambie mtu kwamba haiwezekani kabisa. Kinu cha nyuklia cha kwanza Afrika, TRICO, kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959.

Zoezi ninalowapa darasa la mwisho, kabla ya egzeta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, linahusu karoliti. Ni madini ya kijivu yanayong'aa, shaba, kobalti na salfa kwa pamoja. Yako Kamoya, karibu na Likasi. Mashine ya anduleta mbili imewekwa mbele yenu. Elektroni ni zile zile, gama moja. Anduleta moja itoe rangi ya kizingiti cha shaba, 8.979, kwa K ya 2. Nyingine itoe ya kizingiti cha kobalti, 7.709. Tafuta K yake. Rangi ya nishati ndogo inataka wimbi refu, na wimbi refu linataka sumaku yenye nguvu zaidi. Jibu ni kama 2.23.

Wakishalipata nauliza swali la pili, lisilo na hesabu: ipi itangulie? Wengi hujibu shaba, kwa kuwa ina namba kubwa. Nawaambia watazame vizingiti. Eksirei ya 8.979 imekwisha kupita kizingiti cha kobalti pia, kwa hiyo ukianza nayo umezing'oa elektroni za metali zote mbili na hutajua nani alianza. Ya 7.709 inaigonga kobalti na kuipita shaba bila kuing'oa ile elektroni yake ya ndani. Ukitaka kujua kile kilichotokea kwenye kobalti kinaifikiaje shaba iliyo jirani yake, na kwa muda gani, piga kwanza kwa kobalti, halafu tazama kwa shaba.